Mafiga ya Nyumba Namba Tatu

Pua yangu haijawahi kunidanganya. Nimezaliwa kambini, nimeolewa kambini, na harufu ya makapi ya mkonge yanayoungua naijua kuliko ninavyoijua harufu ya pilau. Kwa hiyo Jumanne ile ya mwaka sabini na tano, nilipoipata nikiwa nyuma ya nyumba ya mwanangu Omari nafua nguo za mtoto, nilisimama na nguo mkononi, maji yakinichuruzika mpaka miguuni. Nikajiambia, Saada, kuna mtu anachoma takataka. Nikatazama huku, nikatazama kule. Hapakuwa na mtu anayechoma chochote.

Nikavua kandambili. Ardhi ya Makanya saa nne asubuhi ina joto lake, lakini hilo ni la jua. Linaunguza juu, ukichimba kidogo unakuta ubaridi. Nikachimba kwa vidole pembeni mwa ukuta. Chini kulikuwa na joto kuliko juu.

Mama yangu wee! Ndani ya nyumba hiyo alikuwa amelala mkwe wangu Ernesta, mzazi wa siku kumi na tisa, na ubavuni mwake mjukuu wangu wa kwanza.

Ngoja nieleze, maana watoto wa siku hizi hawajui hapa palikuwa nini. Hapa palikuwa kiwanda. Korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi, ilinguruma hapa tangu kabla sijazaliwa. Wanaume waliletwa kwa mkataba kutoka Songea, Kigoma, na wapi sijui, kila mmoja na namba yake, ndiyo maana tukaitwa manamba. Marehemu mume wangu Kurwa kazi yake ilikuwa toroli. Nyuzi zilikwenda kuanikwa, makapi yalikwenda kwenye toroli, na toroli Kurwa aliisukuma juu ya reli mpaka kwenye shimo, akaimwaga. Miaka kumi na tisa. Shimo lenyewe ungeweza kuzika treni ndani yake.

Makapi yale yakikauka ni hatari. Juu unaona ukoko mgumu, chini yanaungua polepole bila mwali, wiki nzima, mwezi mzima, yanakula pango. Mwaka hamsini na nane mnyapara mmoja, Asheri, alikatiza hapo akiwahi chakula. Ukoko ukamtitia. Walimvuta akiwa hai, lakini mguu wake wa kulia ulibaki nusu. Baada ya hapo tajiri mwenye kiwanda akaamuru shimo lifukiwe kwa udongo mweusi wa bondeni. Bei ya mkonge ilipoanguka, akafunga kiwanda, akaondoka zake na kutuachia mashine zake na kutu. Manamba wakapanda treni, kila mtu kwao. Kurwa alikuwa ameshakufa kwa kifua. Wa zamani nikabaki mimi peke yangu, maana kwangu ni wapi kama si hapa?

Halafu vikaja vijiji vya ujamaa, na wakaja Wapare wa milimani, kutoka Myamba, ambako ardhi ilikuwa imebana mpaka ndugu wanagombania kingo za mifereji. Mwenyekiti wao akawa mwenyekiti wetu: Melkizedeki, fundi mwashi, mtu wa kanisani, mkono wake mzuri na kichwa chake kigumu. Alikizunguka kiwanda siku tatu na daftari, akatuita. "Hapa hakitatupwa kitu," alisema. "Mabati ya kiwanda yataezeka nyumba. Matofali ya dohani yatakuwa misingi. Reli za toroli zitabeba milango na madirisha. Miti ya mkonge itakuwa kenchi za paa, na tangi la kuoshea nyuzi litakinga maji ya mvua. Tutapata nyumba za kudumu, na msitu wa Shengena kule milimani hatutaukata hata fito." Siwezi kumnyima sifa yake. Kila Jumanne na Ijumaa alipiga pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare, na ole wako usitokee.

Mabati ya kwanza yalitosha nyumba za familia nane tu. Wengine wangengoja nyasi, au Mungu. Namba zikaandikwa kwenye vikaratasi, zikatiwa kwenye kofia. Omari wangu, niliyempeleka Songea kwa bibi yake akiwa mdogo na kurudi akiwa na ndevu, akachomoa namba tatu. Tukaenda kutazama. Kigingi cha namba tatu kilikuwa katikati ya shimo.

Melkizedeki alichota udongo ule mweusi kiganjani, akaunusa, akacheka kwa furaha. "Udongo wa Myamba huu! Binti yangu Ernesta atapanda migomba mlangoni."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Nikamwona Omari anavyokitazama kile kigingi, kijana aliyelala maisha yake yote chini ya makuti na nyasi za watu. Nikajua nikisema, kiwanja kitafutwa na yeye atarudishwa mwisho wa orodha, mabati yatakwenda kwa mwingine. Nikajiambia ni zaidi ya miaka kumi na tano sasa, makapi yameoza, yamekuwa udongo. Nikafunga mdomo. Hilo ndilo kosa langu, sitaki kulizungusha.

Na pengine lisingetokea lolote, kama si Rahabu.

Rahabu ni mke wa Melkizedeki, mama yake Ernesta. Alikuwa amebaki Myamba na ng'ombe na kahawa. Binti alipojifungua, akashuka na kibuyu cha samli na mabunda ya kuni. Kwao mzazi hukaa ndani miezi mitatu, kitanda karibu na moto, na moto hauzimiki usiku wala mchana. Kule juu sawa, asubuhi ukungu unaingia mpaka chini ya blanketi. Lakini huku Makanya? Huku mtu anatoka jasho akiwa amekaa kimya! Nilimwambia, "Mkwe, utamkausha huyu binti kama samaki wa ng'onda." Akanijibu, "Mzazi bila moto ni maiti. Ninyi wa kambini mtajulia wapi?" Hata jina la mtoto tulikuwa tunagombana, mimi namwita Mwajuma, yeye Dorkas, na kila mmoja akimwita kwa sauti ili mwenzake asikie.

Akaweka mafiga yake matatu chini, katikati ya chumba, juu ya udongo. Na katikati ya mafiga akachimba kishimo cha kufukia makaa, kama wanavyofanya kwao, ili moto usizimike usiku. Kila siku majivu anazoa, kishimo kinazidi kwenda chini. Siku kumi na tisa. Alikuwa akiwasha tambi ya baruti, masikini, na mimi nikimletea kuni.

Sasa turudi nyuma ya nyumba, vidole vyangu udongoni. Niliinuka nikaenda mlangoni mbio.

"Hodi!"

"Semea hapohapo," alisema Rahabu kutoka ndani. "Mtoto ndiyo kwanza amelala."

"Mkwe, zima moto. Mtoe Ernesta nje sasa hivi."

Akatokeza kichwa. Uso wake ulikuwa umeiva kwa joto, lakini kukiri, thubutu. "Leo umekuja na lipi? Juzi moshi unampofua mtoto, jana joto linakausha maziwa, leo mzazi atoke nje kabisa? Siku kumi na tisa? Upepo ukimwingia nani atamzika, wewe?"

"Ardhi inaungua!"

"Ardhi inaungua," alirudia, akacheka. "Haya. Na bahari nayo inawaka?"

Pale ndipo nilipopaswa kusema neno moja, shimo. Angeuliza, shimo gani? Nami ningejibu. Nikaliona swali la pili linakuja, ulijua tangu lini. Nikaanza kubabaika, mara joto, mara harufu, mara chungulia mwenyewe. Rahabu akasonya, akaufunga mlango. Nikasikia komeo.

Kutoka ndani sauti ya Ernesta ikaita, "Mama mkwe? Kuna nini?"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, kandambili nimeziacha, kanga moja imeniponyoka njiani wala sikurudi kuiokota.

Ilikuwa siku ya msaragambo, na wanaume wote walikuwa kwenye jengo la korona wakibandua mabati ya mwisho. Omari alikuwa juu ya paa. Melkizedeki alisimama chini akiyapanga. Aliponiona akaweka nyundo chini.

"Mama Omari, kulikoni?"

"Nyumba namba tatu inaungua chini kwa chini."

"Chini wapi? Pale ni udongo mtupu. Nimeushika kwa mkono wangu."

"Si udongo, Mwenyekiti."

Omari alikuwa ameshateremka ngazi, amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono imejaa kutu. Nilitamani awe kokote isipokuwa pale. Lakini mjukuu wangu alikuwa amelala juu ya moto, na hapakuwa na njia ya kuokoa mtoto na kuokoa uso wangu kwa pamoja.

"Ni shimo la makapi," nilisema. "Baba yake huyu alilijaza kwa toroli miaka kumi na tisa. Limefunikwa udongo kiasi cha futi mbili tu. Rahabu amechimba kishimo cha makaa, moto umeshuka. Nimeshika ardhi, ni ya moto."

"Ulijua?" aliuliza Omari.

"Nilijua."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kofia."

Alinitazama kama mtu asiyenijua, kisha akapita akikimbia. Melkizedeki akanyakua nondo ya futi sita akamfuata, na wanaume wote nyuma yake. Mimi nikabaki nahema, halafu nikapiga kelele mpaka koo likaniwasha: "Msiingie! Msiingie ndani! Uzito wenu! Leteni mabati!"

Tulipofika, Melkizedeki hakubisha hodi. Aliipigilia nondo ardhini pembeni mwa ukuta, pale nilipochimba. Futi ya kwanza ilikwenda kwa kazi, ya pili hivyohivyo. Kisha nondo ikaporomoka yenyewe, ikazama mpaka mkono wake ukagusa chini. Akaivuta. Alipoitemea mate ncha yake, ikalia tss.

"Rahabu," aliita, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Fungua mlango, mke wangu. Usikanyage kwa nguvu. Fungua tu."

Komeo likatoka. Rahabu akatutazama, wanaume thelathini wamesimama mbali kidogo na nyumba, hakuna anayesogea. Akaelewa kwamba si mchezo. Nyuma yake chumba kilikuwa wazi mbele ya macho yetu: mlango huku, mafiga katikati, kitanda cha Ernesta ukutani kule mwisho. Na kutoka kwenye ufa wa sakafu, kati ya mafiga na kitanda, moshi mwembamba wa njano ulikuwa unapanda. Ufa ule asubuhi haukuwapo.

Omari akatupa hatua. Nikamkamata shati. "Wewe una ratili mia na sitini. Mimi sifiki mia. Niachie."

Aliung'oa mkono wangu. Lakini Melkizedeki akasema, "Mama yako anasema kweli. Kamba!"

Kamba ya mkonge, ya hapahapa, iliyosokotwa na mikono ya watu waliokwishakufa. Wakanifunga kiunoni. Omari mwenyewe ndiye aliyeshika ncha nyingine. Hakunitazama, lakini alijifunga nayo mkononi mara mbili. Wakanisukumia bati la kwanza mlangoni. Nikalilaza sakafuni, nikalala juu yake kifudifudi, nikatambaa. Joto lilipenya bati mpaka tumboni. Rahabu nikampitisha mlangoni kwanza, akatoka nje, kisha nikavuta bati la pili, nikalizungusha upande wa kushoto, mbali na mafiga.

"Mama," Ernesta aliniita. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto amembana kifuani, macho yamemtoka. "Kitanda kinacheza."

"Nakiona. Usishuke. Usifanye kitu mpaka nikwambie."

Bati la tatu lilifika nusu ya njia. Nikasikia chini yangu kitu kinapumua, ufff, kama tanuri ukilifungua. Jivu likaruka kutoka kwenye ufa. Nje Rahabu akapiga ukemi, akaingia mlangoni na ndoo ya maji mkononi, anataka kuzima moto wake.

"Usimwage!" nililia. "Ukimwaga utatuchemsha! Mshikeni huyo mwanamke!"

Wakamshika. Nikafika kitandani. "Nipe mtoto." Ernesta akasita. Sijui kama aliwasikia wanaume nje wakinong'ona kwamba nilijua tangu mwanzo. Nyumba ile kuta zake zilikuwa nyembamba na sauti zilipita. Alinitazama usoni, akanitazama vizuri, na mimi sikuyakwepa macho yake. Kisha akanipa. Nikamfunga mgongoni kwa ile kanga iliyobaki, mwili wangu ukabaki na gagulo tu mbele ya wanaume thelathini, na Mungu anisamehe, aibu hata sikuisikia.

"Lala juu ya bati. Nishike mguu. Tambaa nami."

Tulitambaa. Nakumbuka kila bonde la lile bati. Nakumbuka mtoto hakulia, na kimya chake kilinitisha kuliko moshi. Tulipokuwa karibu na mafiga, figa la kwanza likainama, taratibu, likaingia ardhini kama limeitwa. La pili likafuata. Chungu cha uji kikapinduka kikaenda nacho. Pale palipokuwa na moto wa Rahabu pakabaki tundu, na ndani ya tundu, chini sana, kulikuwa kwekundu.

"Vuta!" alipiga kelele Melkizedeki. Kamba ikanibana mbavu. Omari alivuta peke yake kwanza, kisha wote. Mimi, mabati, mtoto, na Ernesta kwenye mguu wangu, tulitoka mlangoni kwa mkururo mmoja, vumbi na vilio. Nilipogeuka, kitanda kilikuwa kimesimama wima tundu likikimeza.

Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia. Rahabu akaja akamfungua mgongoni mwangu, akamfunika, akampapasa kidole kimoja kimoja. Alipomaliza kuhesabu vidole akaniinukia.

"Kuni ulikuwa unaniletea wewe," alisema. "Kila asubuhi. Ukijua."

"Ndiyo, mkwe."

Alitema mate pembeni, akaondoka na mtoto. Alikuwa na haki yake.

Ukuta wa nyuma uliporomoka alasiri. Mabati ya paa tuliyaokoa. Ijumaa yake Melkizedeki hakupiga pembe ya msaragambo. Alikuja chumbani kwangu kambini na debe la chokaa, akaliweka mlangoni. "Tembea," alisema. "Kila ulichokiona, kila alichokisukuma marehemu. Weka alama." Nikatembea siku mbili juani, nakumbuka kwa miguu: hapa toroli ilipinda, hapa lilikuwa shimo dogo la kwanza, hapa walimwaga mafuta machafu ya injini. Vigingi vitano viling'olewa. Nyumba zile akazihamishia juu ya sakafu ya injini, zege la tajiri lenye unene wa futi tatu, ambalo hapo kabla hakulitaka kwa sababu migomba haioti juu ya zege. Lile shimo kuu tulilizungushia mtaro, tukaliacha liungue. Liliungua mpaka mvua za vuli.

Ernesta alimalizia miezi yake mitatu kambini, chumba cha pili kutoka changu, Rahabu mlangoni. Moto aliuwasha vilevile, juu ya saruji. Nilikuwa namsikia mtoto akilia ukutani, na sikuitwa. Omari alinipitia kila siku kwenda kazini. "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi, hakuna kingine. Nilikula peke yangu, nikafua peke yangu, na nilikuwa najijibu mwenyewe: ulitaka bati, Saada, haya, hili hapa bati.

Siku ya kumtoa mzazi wakapika makande na pombe ya miwa, watu wakacheza juu ya zege la injini. Sikwenda. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuka. Nikaona kivuli. Ernesta, amepakwa mafuta, kanga mpya, mtoto mkononi. Rahabu alikuwa nyuma yake, mikono kifuani, anatazama mlima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyumba imekwisha. Leo tunahamia." Alimbadilisha mtoto mkono. Chini ya kwapa jingine alikuwa amebana jiwe, jeusi, jipya, la kutoka mtoni. "Bado hatujaweka mafiga. Baba anasema popote ni sawa, ni zege tupu. Mama naye anasema popote." Akalipandisha jiwe kwapani. "Mimi nimesema siweki mpaka uje uonyeshe wewe."

Rahabu aliendelea kutazama mlima, lakini hakusema hapana.

Ungo ukaniponyoka, mchele wote chini. Nililia, sina haya ya kusema, nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Kisha nikajifuta kwa pindo la kanga, nikanyoosha mikono.

"Nipe hilo jiwe, ni zito," nilisema. "Na nipe Dorkas."